Chakula Chako Nimefunika

Kavugho aliyasikia maneno yale sokoni Beu, mjini Beni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anauza samaki wa chumvi, na miguu yake ikakataa kwenda mbele.

Mwanamke yule alikuwa anamtania mwenzake wa meza ya pili, ambaye mume wake alikuwa amekawia kumletea mzigo. Aliweka mkono kifuani, akalaza shingo, akasema kwa kilio cha mchezo:

"Chakula yako nimefunika. Ikipoa, nitapasha. Ikipoa tena, nitapasha tena!"

Meza zote ziliangua kicheko. Mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa anapita alipunguza mwendo ili amalizie kwa sauti nyembamba: "Na mulango sifunge!"

"Ni nini hiyo munasema?" aliuliza Shangazi Virginie, naye akicheka bila kujua anacheka nini.

"Mama, mumetoka wapi? Ni ya sinema! Ile ya mujane, kwa Papa Élisée. Beni yote inasemaka hiyo. Hata basoda ba jeshi banaisema. Mwende leo, leo njo banatoa prix, zawadi!"

Shangazi Virginie aligeuka. Mtoto wa kaka yake alikuwa amesimama katikati ya njia, kikapu kimemning'inia mkononi, watu wanampita huku na huku.

"Kavugho, una nini?"

"Hapana kitu, Shangazi."

Lakini kitu kilikuwapo. Maneno yale hayakuwa ya sinema. Yalikuwa yake.

Alikuwa ameyasema kwa mtu mmoja tu duniani. Kaka yake Muyisa alipanda lori la kutoka Butembo kwenda Beni wakati ule barabara ilipokuwa inameza watu, na lori likafika bila yeye. Hakuna aliyeleta mwili, hakuna aliyeleta habari. Kwa hiyo nyumbani kwao Bulengera, mtaa wa Butembo, hawakukaa matanga, na hawakuacha kungoja. Kila jioni Kavugho alipakua bugali na sombe ya Muyisa, yale majani ya muhogo aliyoyapenda, akaifunika kwa sahani nyingine, na kabla ya kuondoka jikoni akaiambia sahani ile, kwa sauti ambayo hata paka asingeisikia: chakula chako nimefunika. Kikipoa, nitapasha. Kikipoa tena, nitapasha tena. Na mlango sifungi.

Jambo hilo alimwambia Siméon, wameketi kwenye ngazi za kanisa, watu wote wamekwisha kutoka misani. Siméon alilia. Hakuficha uso wala hakuona haya, alilia kama mtoto. Kavugho, ambaye kwa aibu yake alikuwa hajawahi kumtazama mwanaume zaidi ya kola ya shati, siku ile alimtazama machoni, na moyo wake ukabaki huko huko.

Siméon alikuwa mfasiri wa sinema. Alijifunza Kiingereza upande wa Uganda, alikokuwa anafuata kaseti kupitia mpaka wa Kasindi, na kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na mikro, kuwageuzia watu maneno: sauti ya chifu, sauti ya mwizi, sauti ya mama mkwe, sauti ya binti anayelia. Watu walimpenda. Baba yake Kavugho, Papa Apollinaire, hakumpenda hata kidogo.

"Mwanaume muzima anajitafutia bugali kwa kulia na sauti ya mwanamuke!" alikuwa anasema. "Siku moja atalia mbele yako. Utajua namna gani kama ni kilio ao ni kazi?"

Siméon alipopata nafasi katika ukumbi wa Papa Élisée huko Beni, alimwahidi Kavugho kwamba atarudi na mbuzi wa mahari. Kavugho alingoja. Barabara ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Ilipofunguliwa juma lile, Papa Apollinaire alikuwa amechoka kubishana na binti asiyejibu ila kwa machozi, akamtuma dada yake Virginie aende naye Beu waangalie nyumba ya wajomba wa kijana: wana jiko gani, wanasali wapi, wanaongea na wake zao namna gani. Shangazi akirudi na neno zuri, basi wazee wa Siméon wangekuja Bulengera. Na kwa desturi ya ukoo wao, msichana mwenyewe ndiye angepokea kamba ya mbuzi wa kwanza, mbele ya shangazi yake. Akiishika, amekubali. Akiiacha ianguke, hakuna wa kumwuliza sababu.

"Twende tuone hiyo sinema," alisema Shangazi Virginie, na sauti yake ilikuwa na sherehe ndani. "Si ni kazi ya bwana yako? Nitaambia kaka yangu nini kama sikuiona?"

*

Ukumbi wa Papa Élisée ulikuwa wa mbao, na paa la mabati lililochomwa na jua. Sinema zilianza adhuhuri, maana siku zile jioni kila mtu alitaka kuwa nyuma ya mlango wake. Nje jenereta ilikuwa inanguruma. Mlangoni palikuwa na vyungu vitatu vilivyofunikwa kitambaa. Kila mtu aliyeingia alichukua punje moja na kuitia chunguni: haragwe kwa sinema ya mjane, hindi kwa ile ya karate, karanga kwa mfululizo wa televisheni ambao Papa Élisée aliunasa kwenye kaseti kwa msaada wa tajiri mmoja mwenye parabole, lile dishi la kunasa picha. Sinema itakayoshinda, mfasiri wake angepewa mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa pale pale, mweupe, mwenye doa moja jicho la kushoto, anatafuna kipande cha karatasi.

"Mimi natia karanga," alisema Shangazi Virginie. "Ile feuilleton niliionaka Butembo. Ule musichana kipofu, mama yangu! Nililia mupaka kitambaa ikalowa."

Kavugho alikuwa mwoga wa watu, lakini hakuwa mwoga wa sinema. Kwa shangazi yake, chini chini, aliweza kusema.

"Ule kipofu anaweka rangi ya midomo muzuri kuliko wenye macho, Shangazi. Analia siku tatu, na uso hata haivimbe. Mutu akilia kweli, anakuwa mubaya."

"Eheh! Na ya karate?"

"Kaseti yenye sauti ya Sadrack ilifikaka kwetu. Adui anakufa mara mbili. Mara ya kwanza alianguka ku mulima. Mara ya pili anarudi na ndevu, na hapana mutu anamuuliza ulitoka wapi. Ni juu ya Sadrack anapiga kelele sana na mikro, njo batu hawaone."

Sadrack, mfasiri wa karate, alikuwa amesimama karibu na chungu chake. Alisikia. Akamtazama Kavugho toka viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Mademoiselle wa Butembo," alisema, "kule kwenu sinema inaingiaka kweli, ao munasimuliwa tu?"

Watu wakacheka. Kavugho aliinamisha kichwa, akaingia, punje ya haragwe bado imo kiganjani. Hakuitia chunguni. Alitaka kwanza aone.

Siméon alikuwa kwenye kiti chake, upande wa kulia wa televisheni. Alipomwona mlangoni alisimama nusu, uso ukamfunguka wote. Yule kijana wa ngazi za kanisa, mwenye pengo dogo la meno na mabega yasiyotulia. Moyo wa Kavugho ulimkimbilia kabla hajauzuia. Akaketi benchi la mwisho, na akauambia moyo wake: kaa.

Sinema yenyewe ilikuwa nzuri. Hilo alilikubali hata kwa hasira. Mwanamke wa Naijeria, mume wake amekufa, ndugu za mume wamemnyang'anya nyumba na wanasema yeye ndiye mchawi. Siméon alizifasiri sauti zote, na watu wakaguna na kutukana walipopaswa kutukana. Kisha mjane akatoka usiku, akaenda kisimani, akakaa ukingoni. Muziki ukakoma. Uso wake ukajaa televisheni yote. Macho yalikuwa makavu. Na kinywa kilikuwa kimefungwa.

Kavugho alishika ukingo wa benchi. Pale, katika kinywa kile kilichofungwa, alimwona mtu kama yeye. Mwanamke yule hakuwa na la kusema, na kila kitu kilikuwa usoni. Tangu aanze kutazama sinema hakuwahi kuona mahali pazuri kama pale.

Ndipo sauti ya Siméon ilipoingia, nyembamba, yenye kutetemeka:

"Chakula yako nimefunika..."

Na ukumbi mzima ukaitikia kama litania: "IKIPOA, NITAPASHA!"

Wengine walikuwa wanalia. Wengine walikuwa wanacheka na kugongana mabega. Askari mmoja wa benchi la mbele aliweka mkono kifuani na kulaza shingo kama yule muuza samaki. Shangazi Virginie, masikini, alikuwa anapangusa macho.

"Maneno ya namna gani hii," alinong'ona. "Ni kama alimujua Muyisa wetu."

Kavugho alikuwa amekaza ngumi, haragwe limemchora kiganja.

*

Vyungu vilimwagwa juu ya mkeka mbele ya watu wote. Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Maharagwe yalikuwa kilima, mahindi na karanga vilikuwa vichuguu.

"Mujane!" alipaza sauti Papa Élisée. "Siméon, simama! Batu banataka usikie mara ingine! Sema, sema!"

Siméon akachukua mikro. Akalaza shingo. Akasema yote, mpaka mlango usiofungwa, na mabati yakatetemeka kwa makofi. Kisha akapewa mbuzi. Na badala ya kumpeleka nje, akaja naye moja kwa moja katikati ya mabenchi, uso unang'aa, mpaka benchi la mwisho, na kumnyooshea Kavugho kamba.

"Mbele ya batu bote," alisema. "Shangazi, munisamehe, najua inapaswa kufanywa kwenu Bulengera. Lakini leo Mungu amenipa mbuzi ya kwanza na shangazi ule ule eko hapa. Kavugho, pokea."

Watu walipiga vigelegele. Kavugho alisimama. Kwa aibu aliyokuwa nayo kwa watu, alidhani angeanguka, lakini hasira ilimshika kiunoni kama mkanda.

"Kinywa yake ilikuwa ya kufungwa, Siméon."

"Nini?"

"Ule mujane. Pa kisima. Alikuwa hasemi kitu. Sinema yote ilikuwa inatembea juu ya kufika pale, na wewe ukaiharibu."

Sadrack alicheka kwa nguvu. "Écoute, musikie! Butembo inatoa hukumu!"

"Hapana ingia, Sadrack," alisema Siméon. Kisha kwa sauti ya chini: "Kavugho wangu, hapa batu habapendi kimya. Ukinyamaza kidogo tu, banazani jenereta imezima, banaanza kutupa vitu. Mufasiri hawezi kunyamaza. Ni kazi."

"Ni kazi."

"Siku ile ya kwanza nilimuona anakaa vile, nikakukumbuka wewe. Maneno ikatoka yenyewe. Nakuapia. Nilikuwa na wewe mu roho, ikatoka yenyewe."

Kavugho alimtazama. Aliamini. Hilo ndilo lililomwumiza, kwamba aliamini.

"Na siku ya pili?" aliuliza.

Siméon aliivuta kamba ya mbuzi.

"Siku ya pili, Siméon. Na zote zenye zilifuata. Ilikuwa inatoka tu yenyewe?"

"Batu balikuwa banaiomba..."

"Nimeisikia ku soko. Muuza samaki anaichekea mwenzake. Munyonga pikipiki anaimaliza. Mi sikumwambiaka baba yangu hiyo maneno. Shangazi huyu alinilea, hakuijua. Nilikuambia wewe." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza ili uisikie. "Ile siku ku ngazi ya kanisa ulilia. Ulikuwa unalia, ao ulikuwa unajifunza?"

Mkono wa Siméon, wenye kamba, ulishuka kidogo.

"Usiseme hivyo," alisema. "Unaweza kunitukana yote. Hiyo hapana."

"Sasa nitajua namna gani? Baba aliniuliza hiyo. Nilimukasirikia, nikakataa kula. Leo naona alikuwa anauliza vizuri."

"Nilikuwa nalia, Kavugho."

"Mujane wako pia analia. Askari analia. Papa Élisée ametoa mbuzi." Aliangalia doa la jicho la mbuzi, kisha akamwangalia yeye. "Hii mbuzi, wazee wako wataileta kwetu, watasema imetoka wapi? Baba aile, na kumbe amekula sahani ya mutoto wake?"

Neno hilo lilimfikia Shangazi Virginie. Alishika kinywa. "Muyisa?" alisema. "Ilikuwa ya Muyisa?"

Siméon alichukua mkono wa Kavugho, akaweka kamba ndani, akavifunga vidole vya Kavugho juu yake kwa vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa vya moto. Kwa kitambo kidogo walisimama hivyo, karibu sana, na Kavugho akasikia harufu ile ile ya sabuni na moshi wa jenereta, na akatamani dunia iishie kwenye ngazi za kanisa.

"Nipende na kosa yangu," alisema Siméon.

Kavugho alifungua vidole. Kamba ikaanguka chini.

Hakuna aliyepiga kelele. Mbuzi tu ndiye aliyejiona huru. Alipita kati ya miguu ya watu, akafika kwenye mkeka, akainamia kilima cha maharagwe, na kuanza kula ushindi.

*

"Mwanaume hanywi, hapigi mutu, ana kazi," alisema Shangazi Virginie kesho yake, wakifunga mzigo. Alikuwa na hasira tangu walipotoka ukumbini, na hakujua aimwagie nani. "Wajomba yake ni batu bazuri. Jiko ni safi. Unamuacha juu ya sinema!"

"Si juu ya sinema."

"Nitaambia baba yako nini?"

"Muambie alikuwa na haki. Atafurahi."

"Kumbe una ulimi! Myaka yote hiyo uliificha wapi?"

Kavugho alikunja kitenge cha mwisho. Usiku alikuwa amelala kama mtu aliyelala juu ya mawe. Kila alipofumba macho, vidole vile vya moto vilirudi kuufunga mkono wake.

Kamioneti ya Butembo ilikuwa imesimama karibu na soko, haijajaa. Dereva aliwaambia wasiende mbali. Ilikuwa adhuhuri. Upande wa pili wa njia, nyuma ya mbao, jenereta ya Papa Élisée ilikuwa imekwisha kuanza, na Kavugho alisikia sauti ya Siméon ikimgombeza mjane kwa kinywa cha shemeji zake. Alitaka kuziba masikio. Badala yake alivuka njia, akasimama kando ya ukuta wa mbao, mahali pasipoonekana, shangazi akimfuata na mzigo kichwani na matusi mdomoni.

Muziki ulikoma. Alijua wamefika kisimani.

Akangoja pigo. Alikaza hata meno, kama mtoto anayengoja sindano.

Hakuna neno lililokuja.

Jenereta ilinguruma. Ndani mtu alikohoa. Mwingine akasema, "Eh, mufasiri?" Kisha sauti ya askari: "Chakula yako!" akimkumbusha, kwa wema kabisa. Kimya. "Siméon, umelala?" Kimya. Wakaanza kupiga mabenchi. Wakapiga miluzi. Kitu kizito kiligonga ukuta na kuanguka. "Turudishie feza yetu!" "Mwizi!" Papa Élisée alikuwa anapiga kelele: "Sema, wewe! Sema basi, banavunja ukumbi yangu! Sadrack, kamata mikro!"

"Atakuja kuichukua mu mukono yangu," ilisema sauti ya Siméon, mbali na mikro, sauti yake mwenyewe ya mwanaume. Kisha tena hakuna kitu.

Nyuma yao dereva alipiga honi.

"Kavugho!" Shangazi Virginie alimvuta kitenge. "Gari imejaa, inatuacha! Unasimama hapa unafanya nini? Hata haiko anasema kitu!"

Kavugho aliweka kiganja juu ya ubao wa ukuta. Ulikuwa unatetemeka kwa hasira ya watu.

"Njo hiyo niko nasikiliza, Shangazi," alisema. "Muache kwanza amalize."